Nina watu 1,100 LinkedIn na hakuna anayenijibu. Nifanyeje?

*Swali:* Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nilimaliza Mzumbe mwaka 2021, nilisomea ununuzi na ugavi. Nimefanya kazi stoo kwa msambazaji wa vinywaji miaka miwili, mkataba ukaisha Februari. Tangu hapo nimejikita LinkedIn. Nina watu 1,100, na kama 60 kati yao nimewatumia ujumbe pamoja na CV. Waliojibu ni watatu, na mmoja wao alitaka namba yangu kwa mambo mengine kabisa. Rafiki yangu ananiambia niache kumaliza bando, kazi ni koneksheni na mimi sina mjomba. Darasani kwetu wapo waliofika mbali lakini naona aibu kuwatafuta, watasema nimewakumbuka kwa shida. Je, huu mtandao unasaidia kweli? Na nilipie ile huduma ya kulipia?

*Jibu:* Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa miezi ya kusubiri. Nimesoma ujumbe wako mara mbili (hapa nimeufupisha), kisha nikaufungua wasifu ulionitumia na kuusoma kama ninavyosoma wasifu wa mtu ninayetaka kumwajiri. Nilichokiona nitakwambia, lakini kwanza tumalizane na neno la rafiki yako, maana naona limekukaa moyoni.

Hapa mjini ukisema koneksheni, watu wanaelewa mjomba: mkubwa anapiga simu, na jina lako linapita bila usaili. Hilo lipo na linauma, sitakwambia halipo. Ila nimekaa upande wa kuajiri miaka 14, na wengi walioletwa kwangu kupitia mtu hawakuletwa na mjomba. Waliletwa na mtu aliyewahi kufanya nao kazi, tena si rafiki wa karibu. Aliulizwa swali dogo kwenye simu: "Huna mtu wa stoo mwaminifu, anayejua kufunga hesabu?" Akafikiri kidogo, akasema, "Yupo binti mmoja tulikuwa naye Vingunguti." Basi. Alitaja jina tu, usaili binti akaja kuufanya mwenyewe.

Jambo hili limechunguzwa muda mrefu kabla LinkedIn haijazaliwa. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alizungumza na wanaume waliokuwa wamebadilisha kazi huko Newton, karibu na Boston. Mwaka 1973 akaandika kwamba waliopata kazi kupitia mtu, mara nyingi mtu huyo hakuwa wa karibu. Chini ya asilimia 17 ndio waliokuwa wakionana naye angalau mara mbili kwa wiki. Zaidi ya robo walikuwa wakimwona mara moja kwa mwaka, au hata chini ya hapo. Sababu aliyoitoa ni nyepesi, na wewe unaiishi kila siku: rafiki yako wa Tabata anajua unachokijua wewe. Mko kwenye magrupu yaleyale ya WhatsApp na tangazo linawafikia saa ileile. Mtu mliyeachana miaka mitatu iliyopita anazunguka kwingine, anasikia mambo ambayo hayafiki kwenu.

Mwaka 2022 watafiti walitoa majibu ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watumiaji milioni 20 na kwa kipindi cha miaka mitano. Walithibitisha maneno ya Granovetter, lakini wakayaongezea mambo mawili yanayokuhusu moja kwa moja. La kwanza, waliosaidia zaidi watu kuhamia kazi mpya hawakuwa wageni kabisa, bali watu wa katikati, wale mnaofahamiana kiasi na mna marafiki wa pamoja wapatao kumi hivi. Ukiteremka chini zaidi ya hapo, nguvu inapungua. La pili, mambo hayakuwa sawa kwenye kila sekta. Kwenye kazi zinazoendeshwa sana na kompyuta, watu wa mbali walisaidia zaidi. Kwenye sekta zisizotegemea sana programu, waliosaidia zaidi ni watu wa karibu.

Sasa rudi kwenye 1,100 zako. Umeniambia wengi uliwapata kwa kubonyeza tu majina yaliyokuwa yanapendekezwa. Hao si watu unaofahamiana nao kidogo, ni watu usiofahamiana nao kabisa. Na fani yako ni ghala, malori na mizigo, fani ambayo mwajiri akikukabidhi funguo za stoo anataka kwanza kusikia mtu aliyekuona ukizishika. Kwa hiyo umepeleka jitihada zako zote upande ambao kwa kazi yako ndio dhaifu kuliko yote. Mtandao haukukukataa. Hujautumia bado kwa watu wako.

Chukua daftari. Andika kila mtu aliyewahi kukuona ukifanya kazi, bila kujali kama ni mkubwa au mdogo. Najua utaanza na meneja wako, na ni sawa. Lakini nataka uwaze wale waliokuwa wanaingia na kutoka pale stoo. Yule afisa mauzo wa kampuni iliyokuwa inawaletea mzigo, kwa wiki moja anaingia stoo ngapi? Huyo anajua nani ameacha kazi Kurasini, nani amefukuzwa kwa upotevu wa kreti, na nani anafungua ghala jipya Kibaha, kabla tangazo halijaandikwa. Mkaguzi wa hesabu aliyekuja kushuhudia mnavyohesabu mzigo mwisho wa mwaka ni hivyohivyo. Wewe ulimwona siku mbili tu, ukamtengea meza na kumpa mafaili. Yeye anazunguka maghala ya wateja wake wote, na akikuta stoo ambayo hesabu ya kwenye mfumo inalingana na kreti zilizopo chini, halisahau. Ongeza wakala wa forodha mliyekuwa mkimtumia. Ongeza msimamizi wako wa mafunzo kwa vitendo ulipokuwa Mzumbe. Ongeza dereva mwandamizi, hata kama hana akaunti LinkedIn. Huyo ana simu, na madereva wanaongea.

Nina hakika utafika watu 30 au 40. Ndio watu wako wa katikati. Watafute LinkedIn mmoja mmoja, na ukiwaomba kuunganishwa weka sentensi mbili za kuwakumbusha mlipokutana. Akaunti ya bure inakuruhusu kuandika maombi machache tu ya namna hiyo kwa mwezi, kwa hiyo maelezo hayo watunzie wale ambao huna namba zao. Wenye namba waanzie WhatsApp, kisha muunganike LinkedIn. Faida ya kuwa nao kule ni kwamba namba za simu hubadilika na magrupu hufa, lakini mtu akihama kazi LinkedIn inakuonesha.

Kuna kitu kingine ndani ya LinkedIn ambacho waliosoma hapa nyumbani wengi hawajakifungua. Nenda kwenye ukurasa wa Chuo Kikuu Mzumbe, utakuta sehemu ya waliosoma hapo. Unaweza kuwachuja kwa mahali wanapoishi, kampuni wanayofanyia kazi na fani waliyosomea. Weka Dar es Salaam, weka ununuzi na ugavi, halafu tulia usome majina. Usimwandikie mtu siku hiyo. Soma tu walianzia wapi, walipita wapi, wakafika walipo. Utaona njia ambazo hukuwa unazijua, na utakutana na sura tatu nne mlizokuwa mnapanga nazo foleni ya chakula.

Hapo ndipo inapokuja ile aibu. Naijua, mdogo wangu. Mwaka fulani mradi niliokuwa naufanyia kazi ulifungwa, nikakaa nyumbani miezi saba. Niliandika kwa mwenzangu wa zamani ambaye nilikuwa sijamsalimia miaka minne, akanijibu kwa maneno mawili: "Leo umenikumbuka." Nililia. Siku ya pili nikamwandikia tena: "Ni kweli, na naomba radhi. Nilizama kwenye kazi nikasahau watu. Habari za mama?" Tukaongea nusu saa, kuhusu mama yake tu. Hakunipa kazi. Wiki tatu baadaye alinitumia namba ya mtu aliyekuwa anatafuta afisa wa kuajiri kwa mkataba wa miezi sita, na hapo ndipo niliposimama tena. Aibu yenyewe ilidumu siku moja.

Halafu jiulize upande wa pili. Mwenzako wa darasani akikuandikia leo, amekwama, utamdharau? Utamhurumia na utatamani uwe na la kumwambia. Kinachomfanya mtu akimbie ujumbe ni pale anapoombwa kitu ambacho hana uwezo nacho. Ujumbe wako kwa wale 60 ulisema hivi: "Habari. Naomba unisaidie kazi yoyote. CV yangu nimeambatanisha. Nitashukuru sana." Niweke mimi nafasi ya anayeupokea. Kazi yoyote ndiyo ipi? Mimi si mwenye kampuni, nitaitoa wapi? CV ni ya kurasa nne, nimeshika simu, niko kwenye daladala. Nitasema nitajibu jioni, na jioni haifiki. Sikuwa na roho mbaya. Nilikosa cha kufanya.

Mpe mtu jambo dogo analoliweza. Kwa yule wa darasani kwenu aliyehamia kampuni ya usafirishaji, ningeandika hivi:

"Habari za siku nyingi. Ni mimi wa Mzumbe, tulikuwa kundi moja mwaka wa tatu kwenye ile kazi ya gharama za usafirishaji. Nimeona umehamia kwenye usafirishaji, hongera sana. Mimi nilikuwa stoo ya vinywaji miaka miwili, mkataba uliisha Februari na sasa natafuta nafasi ya ghala au ununuzi. Nilikuwa naomba dakika kumi za simu unieleze watu wa ghala hapo kwenu huwa wanapatikana kwa njia gani, na wanaangaliwa nini. Baada ya saa kumi na moja jioni, siku yoyote, mimi nipo."

Hujaficha kwamba unatafuta kazi, na hujambebesha mzigo wa kukupatia. Kila mtu anaweza kueleza watu wanavyopatikana kazini kwake. Na ukiongea naye, ukamsikiliza vizuri, mwisho wa simu muulize: "Kuna mtu mwingine unafikiri ingefaa niongee naye?" Jina moja linazaa jingine. CV usiitume mpaka aiombe, na akiiomba itume ndani ya saa moja, kurasa mbili, faili likiwa na jina lako. Namba ya NIDA na majina ya wazazi yatoe humo, hayana kazi yoyote kwenye CV.

Kuhusu wasifu wako. Mstari wa chini ya jina lako unasema kwamba unatafuta kazi, una bidii na unaweza kufanya kazi na wenzako. Kaa kwenye kiti changu uone. Nikitafuta mtu wa ghala, naandika kwenye kisanduku cha kutafutia "mtunza ghala", "udhibiti wa mali", "Dar es Salaam", labda na jina la mfumo anaopaswa kuujua. Yanakuja majina mia mbili. Wewe humo haumo, maana hakuna anayetafuta mtu kwa kuandika "mwenye bidii". Mstari ule una nafasi ya herufi 220, utumie kutaja kazi unayoifanya. Nakuandikia kwa Kiswahili, wewe utauweka kwa lugha ambayo matangazo ya fani yenu yanatoka, na mengi yanatoka kwa Kiingereza: "Mtunza ghala na udhibiti wa mali | Bidhaa za vinywaji, Dar es Salaam | Excel na mfumo wa stoo | Shahada ya ununuzi na ugavi, Mzumbe".

Chini, kwenye kazi uliyofanya, umeandika neno moja tu: stoo. Lakini kwenye ujumbe wako kwangu umenieleza kwamba mlikuwa mnapokea malori 12 kwa wiki, kwamba wewe ndiye uliyekuwa unalinganisha LPO, yaani hati ya kuagizia mzigo, na mzigo unaoshuka, na kwamba ulianzisha utaratibu wa kuhesabu sehemu moja ya stoo kila Jumamosi badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Mimi mgeni nimeambiwa yote hayo, na mwajiri hajaambiwa hata moja! Yaandike kama yalivyo, usiyapambe. Namba ya kweli ndogo ina nguvu kuliko sifa kubwa. Na mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, umefikia ngazi gani? Hukutaja popote. Kwa fani yako hilo ni jambo la kwanza ambalo mwajiri makini ataliuliza, kwa hiyo weka ngazi uliyofika, hata kama hujamaliza. Ule mduara wa kijani wa kuonesha unatafuta kazi uache tu, huna mwajiri wa kumficha. Aliye kazini ndiye achague waajiri pekee wauone, na hata hapo LinkedIn haimhakikishii siri kamili.

Kazi za serikali ni njia nyingine kabisa. Zinapita kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, unajaza mwenyewe na kuitwa kwenye usaili. Jaza na uendelee kujaza, ila usimwandikie mtu LinkedIn akusogeze huko, na anayekwambia ana mtu ndani, toa kiasi fulani, mkimbie.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa ununuzi, nikupe jambo moja ambalo wenzako wa fani nyingine hawana. Unaujua NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Kampuni ikishinda zabuni ya kusambaza vifaa, itahitaji mtu wa kupokea, kuhesabu na kupeleka, mara nyingi kabla haijafikiria kutangaza nafasi. Fuatilia nani kapata zabuni gani, kisha angalia LinkedIn kama kuna yeyote kwenye lile daftari lako anayemfahamu mtu wa huko. Ujumbe unaoanza na "nimeona mmepata kazi ya kusambaza vifaa" husomwa, kwa sababu unahusu kazi yao.

Yule mtu aliyetaka namba yako kwa mambo mengine: mzuie, na mripoti kwa LinkedIn, sehemu ya kuripoti ipo kwenye wasifu wake. Hukukosea chochote. Usaili haufanyiki hotelini usiku, wala hauanzi kwa picha zako. Ukiitwa mahali, piga simu kwenye namba ya ofisi uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye, uulize kama wana usaili siku hiyo, na mtu wa nyumbani ajue unakokwenda. Hali kadhalika kazi za nje zinazokuja kwenye inboksi zenyewe, mshahara mnono, hakuna usaili, tiketi wanalipa wao. Kuanzia 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwarudisha nyumbani vijana walioahidiwa kazi Thailand mtandaoni, wakavushwa hadi Myanmar na kulazimishwa kufanya utapeli wa kwenye kompyuta. Walikuwa wasomi, wenye vyeti kama wewe.

Ile ya kulipia, usilipie. Itakuonesha nani amefungua wasifu wako na kukuruhusu kuwaandikia watu usiounganika nao, na tatizo lako halikuwa uchache wa wageni. Hiyo hela weka kwenye mtihani wa Bodi.

Sasa, ukishapata kazi, na naomba uipate, usifanye nilichofanya mimi. Watu wengi siku wanayopata barua ya ajira wanawaandikia wote "Mungu ni mwema" na kisha wanapotea mpaka mkataba unaofuata uishe. Rudi kwa kila aliyekupa hata jina moja, mwambie lilifikia wapi, hata kama halikuzaa kitu. Hilo karibu hakuna anayelifanya, na mimi wanaolifanya nawakumbuka kwa majina. Baada ya hapo huhitaji mengi. Mtu akipandishwa cheo mwandikie sentensi moja yako mwenyewe, usibonyeze ile hongera iliyoandikwa tayari. Ukiona tangazo linalomfaa mwenzako, mtumie. Ukijifunza jambo kazini, tuseme namna ya kupunguza chupa zinazovunjika wakati wa kushusha, liandike aya mbili uposti. Wakaguzi na maafisa mauzo wako watalisoma, na jina lako litakuwa karibu pale mtu atakapowauliza. Watu watano kwa mwezi wanatosha. Mimi nina daftari la hivyo mpaka leo, na limenisaidia zaidi ya mashine yoyote.

Anza na yule meneja wako wa zamani, uliyesema amehamia Mwanza. Mwandikie kabla ya tarehe 25, maana mwisho wa mwezi watu wa stoo wote wako chini wanahesabu.